Waliupenda ukuta, wakakifunga chumba cha kusomea

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na sita amepiga magoti ndani ya bafu la nyumba ya watu. Magotini amejifunga vipande vya godoro kuukuu kwa kamba za viatu. Penseli ameichomeka kwenye kilemba. Mbele yake kuna ndoo ya gundi ya vigae inayoanza kuganda, na kwa kweli hana muda wa kuongea na mwandishi wa habari.

Hata hivyo anaongea. Anaongea huku akipaka gundi, huku akikilaza kigae, huku akikigonga kwa mpini wa mwiko na kukitegea sikio.

"Kikilia hivi, chini kuna uwazi," anasema, na kukibandua. "Miezi miwili tu kitapasuka. Mwenye nyumba leo haoni. Lakini mimi nimeshaona, kwa hiyo sina pa kujificha."

Anapaka upya, anakilaza tena, anagonga. Safari hii anaridhika. Kisha, bila kugeuka, anasema neno ambalo ndilo lililomleta mwandishi hapa.

"Andika kwamba nina hasira. Wenzako wawili walikuja, wakaenda kuandika kwamba nina huzuni. Mimi sina huzuni."

Mtaani wanamwita Mama Vigae. Kazi hii ameifanya miaka ishirini na miwili. Alianza kwa kuwabebea mafundi maji na mchanga, akawa anaiba ujuzi kwa macho wakati wao wanakula. Siku fundi mmoja alipougua, aliomba amalizie sakafu ya jiko. Wanaume walicheka mpaka alipoweka pimamaji juu ya kazi yake na ya kwao.

Shule aliiacha darasa la nne. Kusoma alijua, lakini kwa kuokota herufi moja moja kama mtu anayechambua mchele. Vibao vya maduka, majina ya saruji, meseji za simu. Basi.

Miaka mitatu iliyopita alipata kazi ya kuweka vigae kwenye vyoo vya maktaba ya kata. Maktaba yenyewe ni jengo dogo la kando ya barabara, na nyuma yake kuna chumba cha kusomea: meza mbili ndefu, viti kumi na viwili vya mbao, dirisha moja. Kila Alhamisi saa kumi jioni mkutubi alikusanya watu humo wakasoma kitabu kimoja kwa sauti, kwa zamu. Alhamisi ya kwanza ya kazi yake walikuwa tisa.

Mashine yake ya kukatia vigae ilipiga kelele kiasi kwamba mkutubi alitoka na kuuliza, kwa adabu, kama inaweza kupumzika kidogo. Mama Vigae akaizima. Ndipo aliposikia sauti ya mzee mmoja mshona viatu, akisoma kuhusu mwanamke aliyeambiwa "njoo kesho" kwa mara ya tano.

"Nilibaki na nusu ya kigae mkononi," anasimulia. "Nilijisemea, huyo mama namjua."

Kazi ya vyoo ilikuwa ya siku nne. Ilichukua siku kumi na sita. Mumewe, ambaye ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha, alianza kushangaa. "Kila nikimuuliza, ananiambia choo cha maktaba kina mambo mengi," anasema mume huyo, na mpaka leo hadithi hiyo haijamchosha.

Alhamisi ya tatu, mkutubi alileta kiti, akakiweka kwenye korido karibu na mlango wa choo, akarudi ndani. Alhamisi iliyofuata, Mama Vigae alikuja bila mwiko wala ndoo.

Kitabu walichokuwa wakisoma kilikuwa riwaya kuukuu isiyo na jalada. Kurasa kumi na moja za mwanzo hazikuwepo, na za mwisho zilikuwa zimeng'oka, kwa hiyo hakuna aliyejua jina lake wala mwandishi wake. Walikiita Kile Kitabu. Ni kisa cha mama ambaye mwanawe amefia machimboni, naye anazunguka ofisi saba kutafuta cheti cha kifo. Kila sura ni ofisi moja, na kila ofisi ina mlango wake na mtu wake wa kumpiga danadana.

Zamu yake ya kusoma ilipofika, alikisogeza kitabu kwa jirani akisema amesahau miwani nyumbani. Wakati huo hakuwa amewahi kumiliki miwani. Muuguzi mstaafu, mama wa miaka sabini na mmoja aliyechoma sindano nusu ya mtaa huu, alimtazama akajua. Hakumuumbua. Wiki iliyofuata alimwomba asome mstari mmoja tu. Wiki nyingine, miwili. "Nilimpa dozi ndogo ndogo," anasema muuguzi. "Mgonjwa mwoga ukimpa dozi kubwa, anakimbia."

Baada ya sura ya tatu, kila mtu aliulizwa ameona nini. Mama Vigae aliomba apewe wiki moja. Alhamisi iliyofuata alikuja na mfuko wa saruji uliojaa vipande vya vigae alivyookota kwenye majengo, akaanza kuvipanga mezani. Watu walisubiri. Alipomaliza palikuwa na mlango wa kahawia, na mbele yake miguu miwili ndani ya ndala za bluu. Hapakuwa na uso.

Mshona viatu aliinama juu ya meza. Alisema ndala zile zimelika upande wa kisigino, kwa hiyo huyo mtu anatembea sana na anasimama zaidi.

Hapo ndipo Mama Vigae alipowaeleza. Baba yake alikuwa kibarua wa ujenzi. Alianguka kutoka jukwaani, ghorofa ya nne, binti akiwa na miaka kumi. Kwa miezi kumi na moja mama yake alizunguka ofisi moja hadi nyingine kudai haki ya marehemu, na binti alimfuata nyuma akiangalia zile ndala. Shule ilikatikia hapo. Walichokipata mwishoni ni cheti chenye jina la baba lililokosewa herufi mbili.

Hakuwahi kulisema hilo nje ya nyumba yake. "Sikulia," anasema. "Nilianza tu kuvirudisha vipande mfukoni."

Muuguzi aliuliza kwa nini picha ile ivunjwe badala ya kubandikwa ukutani. Ukuta wa nje wa maktaba, unaotazama kituo cha mabasi, ulikuwa mtupu: mita kumi na nane, rangi imebanduka, umejaa matangazo ya waganga. Mkutubi aliiandikia halmashauri barua ya kuomba ruhusa. Barua tatu hazikujibiwa. Ya nne ilijibiwa kwa sentensi moja: halmashauri haina pingamizi, mradi isiingizwe gharama yoyote.

Hawakuingiza gharama. Waliingiza miezi kumi na minne ya maisha yao, kila Jumamosi na Jumapili mchana. Mafundi wa majengo ya karibu waliwawekea mabaki ya vigae na masalia ya saruji nyeupe. Watu wa mtaa walileta vikombe vilivyovunjika, masinki yaliyopasuka, kioo cha kabati. Mgane mmoja alileta birika la marehemu mkewe, akaomba alivunje mwenyewe. Walimpa nyundo, wakageuka pembeni.

Mama Vigae aliweka sharti moja tu. Hakuna mtu kubandika kipande kabla ya kuisoma au kuisikia sura husika. Bwana mmoja alikuja na boksi zima la sahani nzuri, akaambiwa akae kwanza asikilize. Alinuna, lakini akakaa. Sasa ni msomaji wa kila wiki, na ndiye anayewakemea wanaochelewa.

Abiria kituoni waliuliza yule mama wa ukutani anatafuta nini. Waliojibiwa walikosa magari. Wengine walirudi Alhamisi kusikia kilichofuata. Wasomaji tisa wakawa ishirini, wakawa arobaini, wakafika sitini na mmoja. Viti kumi na viwili havikutosha, ikabidi wasome kwa awamu mbili. Watatu kati yao hawakujua kusoma kabisa walipofika.

Kwa kuwa kitabu hakikuwa na mwisho, sura ya saba waliimalizia wenyewe, na waligombana Alhamisi tatu mfululizo. Muuguzi alitaka mama apate cheti. Mshona viatu alitaka ofisi ichomwe moto. Mwishowe walikubaliana, na ndivyo picha ya saba ilivyo: mlango uko wazi, mama amekalia kiti cha ofisa, amevua ndala zake. Ofisa amesimama mbele yake, mikono nyuma, anasubiri.

Mtu akisimama kituoni leo, anaiona milango yote saba kutoka kushoto kwenda kulia. Jua la saa tisa likiupiga ule ukuta, vipande vya kioo cha kabati vinameremeta mpaka ng'ambo ya barabara. Ni kazi nzuri. Ubaya ni kwamba wakubwa nao waliona kuwa ni nzuri.

Kwanza walikuja wapiga picha. Kisha ukuta ukatokea kwenye kalenda ya halmashauri. Kisha yakaja mahema, viti vyenye vitambaa vyeupe, na utepe. Siku ya uzinduzi wasomaji waliambiwa wasimame nyuma ya kamba, kwa sababu za kiusalama. Mama Vigae alikuwa amevaa gauni lake la harusi ya binti wa kaka yake. Alilitazama tukio lote akiwa katikati ya mwuza maji na polisi.

Kitambaa kilipovutwa, kikaonekana kibao cha shaba. Juu kiliandikwa FURAHA YA KUSOMA. Chini yake: kazi hii imebuniwa na kusimamiwa na ofisi inayohusika na utamaduni. Yakafuata majina matano.

Aliyasoma yote. Kati ya hao watano, hakuna hata mmoja aliyewahi kushika ndoo.

"Majina wangeyaweka tu, nisingekosa usingizi," anasema. "Lakini furaha? Pale pana mama anazungushwa ofisi saba kwa ajili ya mtoto aliyekufa. Furaha iko mlango wa ngapi?"

Hakuna mkubwa aliyeuliza picha zinasimulia nini. Mgeni rasmi alipiga picha chini ya mlango wa saba, meno yote nje, akiwa amesimama karibu kabisa na yule ofisa wa vigae, naye mikono nyuma. Nyuma ya kamba wasomaji walicheka mpaka wakashikana mabega. Walidhani hilo ndilo lingekuwa la kusimulia.

Siku kumi na tisa baadaye karani alileta barua. Ilisema kwamba kutokana na mafanikio ya ukuta, halmashauri imeanzisha Ofisi ya Uratibu wa Sanaa za Umma, na kwamba ofisi hiyo imepewa chumba cha nyuma cha maktaba.

Chumba cha kusomea. Chumba ambamo ukuta ulizaliwa ndicho walichokichukua, ili wakae humo kuratibu kuta.

Mkutubi alihamishiwa dirisha la vibali vya maegesho. Vitabu mia nne na kumi na viwili vilitiwa kwenye magunia na kupelekwa kwenye stoo ya halmashauri, kando ya matairi mabovu. Vile viti kumi na viwili havijulikani viliko. Alhamisi wasomaji walifika wakakuta kufuli jipya mlangoni. Kilichosalimika ni Kile Kitabu pekee, kwa kuwa muuguzi alikuwa amekibeba kwenye mkoba wake.

Muuguzi alikaa kwenye ngazi ya mlango, akavaa miwani, akaanza sura ya kwanza upya. Wengine walisimama. Ndivyo wanavyosoma hadi leo, kando ya barabara, chini ya ukuta wao wenyewe.

Mwandishi alimtafuta ofisa anayeongoza ofisi hiyo mpya. Alipokea simu kwa ukarimu. Alisema chumba kile kilikuwa kinatumika chini ya uwezo wake, kwamba programu ya usomaji ilikuwa imefikia malengo, na kwamba wananchi wana uhuru wa kusoma popote. Alipoulizwa kama amewahi kukisoma kitabu ambacho ukuta unakisimulia, alisema yuko kwenye kikao.

Sasa tufike siku ambayo Mama Vigae mwenyewe aliitwa.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Alikuta watu wanne wamekaa kwenye chumba anachokijua kwa kila ufa wake, meza zimebadilishwa, dirisha limewekwa pazia. Ofisa alimkaribisha vizuri, akampa soda. Alimweleza kwamba halmashauri inataka kuta nyingine tatu katika kata nyingine, na yeye ndiye fundi waliyemchagua. Akamwonyesha michoro iliyokwisha kutayarishwa: watoto wanacheka, vitabu vinapepea, njiwa.

Aliuliza picha hizo zinatoka kitabu gani.

Ofisa alicheka kidogo, na wenzake wakacheka kwa sababu yeye amecheka. "Mama, kazi yako wewe ni kubandika," alimwambia. "Mambo ya vitabu waachie wenyewe."

Kisha akamsogezea mkataba wa kurasa sita, na juu yake kidau cha wino. Akamwambia aweke dole gumba pale chini.

Hapa katika kusimulia, Mama Vigae anaweka mwiko chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Anajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Kidau kilikuwa tayari mezani kabla sijaingia," anasema. "Hawakuniuliza kama najua kuandika. Waliniangalia magoti, wakajua."

Safari hii miwani alikuwa nayo. Aliitoa, akaivaa, akaomba radhi kwa kuwachelewesha, na akaanza kuusoma mkataba kwa sauti. Alisoma kama asomavyo Alhamisi, neno kwa neno, akirudia sentensi ndefu. Ofisa alimwambia si lazima asome yote. Alimjibu kwamba anajua, akaendelea. Mmoja wao alitoka kwenda kupokea simu, akarudi, akamkuta bado ukurasa wa tatu.

Ukurasa wa tano, kifungu cha tisa, alikisoma mara mbili. Kilisema kwamba fundi anakiri kuwa wazo, michoro na jina la kazi ya kwanza ni mali ya ofisi, na kwamba yeye pamoja na wasomaji wenzake hawatadai chochote kuhusiana na kazi hiyo wala chumba kilichotumika.

Alivua miwani. "Mmeniambia mambo ya vitabu si yangu," aliwaambia. "Kumbe karatasini mimi ni msomaji."

Alikunja mkataba, akauweka juu ya kidau cha wino, akaaga na kutoka. Soda aliiacha haijafunguliwa.

Kwa nini dole gumba limuume kuliko kibao cha shaba? Jibu hakulitoa siku hiyo. Alilitoa wiki mbili baadaye, nyumbani kwake, kaka yake mkubwa alipokuja kumgombeza.

Kaka huyo alikuwa na sababu zake. Habari zilikuwa zimeshaenea kwamba dada yake ni mtata. Mkandarasi mmoja anayepewa kazi na halmashauri alimwambia waziwazi kwamba akitaka kuonekana kwenye jengo lake, anyamaze. Mwingine hakusema kitu, aliacha tu kupiga simu. Mwezi kabla ya mkataba ule, Mama Vigae alifanya kazi siku ishirini na tano. Mwezi uliopita alifanya siku tisa. Mumewe sasa anachomelea mageti hadi Jumapili, na binti yao wa sekondari ameacha kwenda na gari, anatembea dakika hamsini kila asubuhi.

Kaka alisema asaini ili watoto wapate kula. Alisema ukuta haupikwi. Alisema mengi, kwa kuwa anampenda dada yake, na kwa kuwa naye aliacha shule mwaka uleule, akiwa na miaka kumi na mitano, akabeba zege kwenye kampuni ileile iliyomuua baba yao.

Mama Vigae alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia, "Kaka, mama alisaini."

Kaka alikuwepo siku ile. Katika ofisi ya mwisho, baada ya miezi kumi na moja, mama yao aliambiwa karatasi ni ya kuthibitisha kwamba amefika. Aliweka dole gumba. Mwaka mmoja baadaye jirani aliyejua kusoma aliwasomea nakala yake: ilisema kwamba familia imelipwa stahili zote na haina dai lolote.

Mumewe, aliyekuwepo sebuleni, anasema kaka mtu aliinuka, akachukua kofia yake. Kisha akauliza ni siku gani wanasoma. Alhamisi iliyofuata alikwenda. Hakusoma, alisimama tu nyuma, kofia mkononi. Amekwenda kila wiki tangu hapo.

Mwandishi naye alikwenda Alhamisi iliyopita. Saa kumi kasoro, watu walianza kufika na vigoda, ndoo za kugeuzwa, maboksi. Mshona viatu alikuja na kiti chake cha kazi. Mkutubi alifika akitokea maegesho, bado ana kitambulisho cha vibali shingoni, akakaa miongoni mwa wengine kama msomaji wa kawaida kwa kuwa amekatazwa kuongoza. Mwandishi alihesabu hamsini na wanne.

Walipoanza, mtu ndani ya chumba alifunga dirisha. Msomaji wa zamu, kijana wa duka la simu, aliongeza sauti. Ilipofika saa kumi na nusu mlinzi wa jengo alitumwa kuwaambia watawanyike. Mlinzi huyo mwenyewe ndiye aliyebandika kitasa cha mlango wa nne ukutani, kipande cha kikombe chake cha chai. Alisimama mbele yao, akasema ametumwa awaambie watawanyike na amewaambia. Kisha akauliza wako ukurasa wa ngapi.

Hasira ya Mama Vigae haina kelele. Inafanya kazi. Yeye na muuguzi wameandika pingamizi la kurasa nne. Wameambatisha ile barua ya sentensi moja ya kutokuwa na pingamizi, ambayo mkutubi aliitunza. Wameorodhesha vitabu vyote mia nne na kumi na viwili kwa kumbukumbu za mkutubi. Wasomaji sitini na mmoja wamesaini, wote kwa kalamu. Wale watatu ambao hawakujua kusoma walijifunza kuandika majina yao kwanza, na pingamizi likasubiri wiki mbili kwa ajili yao. Mmoja ameandika jina lake kubwa kiasi kwamba limekula nafasi ya watu wanne.

Halmashauri ilipiga kalenda mara mbili. Sasa imekubali kuwasikiliza Jumanne ya pili ya mwezi ujao. Wasomaji wamemchagua Mama Vigae asimame kuzungumza. Kila jioni binti yake anakaa naye mezani na kujifanya ofisa, anamkatiza, anaangalia saa, anamwambia afupishe. Mumewe analalamika kwamba alioa mwanamke wa vigae, sasa analala na wakili.

Wakati huohuo akina mama wanaouza mboga sokoni wamewapa ukuta wa banda lao, mita kumi na moja, na kitabu kipya kitachaguliwa kwa kura. Sharti ni lilelile. Mwenye boksi la sahani nzuri ameshaanza kuwakariria wageni.

Mwandishi alimuuliza Mama Vigae angependa kuona nini kwenye kibao cha shaba, kama wangekubali kukibadilisha. Walikuwa bado pale kando ya barabara, watu wanakusanya vigoda vyao. Alimwangalia mwandishi kama vile ameulizwa swali la mtoto.

"Jina langu silitaki pale," alisema. "Hata kibao wabaki nacho, wakipige msasa kila asubuhi. Nataka vitabu vitoke kwenye yale matairi. Nataka mkutubi arudi kwenye meza yake. Na ufunguo wa chumba nataka ukae kwa muuguzi, siyo kwa mtu wa halmashauri."

Na wakikataa?

Aliinama, akavifungua vile vipande vya godoro magotini, kwa kuwa alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Alivikunja, akavitia kwenye mfuko pamoja na Kile Kitabu, ambacho wiki hii ni zamu yake kukilaza kwake.

"Mimi nina miaka arobaini na sita," alisema. "Mama yangu alifariki ana themanini na tatu. Wewe si umesoma? Wahesabie hizo Alhamisi."